Kwa Nini Naungama Dhambi Ile Ile? Somo Kuhusu Mazoea Madogo ya Kila Siku



Kuna swali ambalo vijana wanapenda sana kutuuliza sisi mafrateri, ukiacha lile la "hivi kweli hutaoa?" Swali lenyewe ni hili: kwa nini naenda kuungama, natoka pale nikiwa mwepesi kabisa, halafu baada ya wiki mbili nimerudi palepale? Dhambi ile ile, saa ile ile ya usiku, simu ile ile mkononi.

Wengine wanalibeba swali hili kimyakimya mpaka wanachoka. Wanaanza kusema, "Labda mimi siko serious na Mungu," au mbaya zaidi, "Labda sakramenti hazifanyi kazi kwangu." Mwishowe wanaacha kuungama. Ndiyo maana somo hili si la kujaza muda tu. Nimeona vijana wazuri, waimbaji wa kwaya, viongozi wa vijana parokiani, wakipotea kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo moja la msingi: moyo haubadiliki kwa uamuzi mmoja mkubwa. Unabadilika kwa matendo madogo yanayorudiwa, yakibebwa na neema.

Tujifunze pamoja.

1. Tabia ni nini?

Tuanze na falsafa kidogo, usiogope. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, aliuliza hivi: mtu anakuwaje mwema? Jibu lake katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako ni la kawaida kabisa. Mtu anakuwa fundi ujenzi kwa kujenga, anakuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo, anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, na jasiri kwa kutenda kijasiri. Hakuna anayezaliwa fundi, na hakuna anayekuwa fundi kwa kusikiliza semina ya ufundi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua wazo hilo karne ya 13 akalichimba zaidi. Katika Summa ya Teolojia (sehemu ya I-II, kuanzia swali la 49) anazungumzia kile ambacho Kilatini kinaita *habitus*. Neno hilo linatokana na kitenzi chenye maana ya "kuwa na kitu". Yaani fadhila si jambo unalolifanya mara moja. Ni kitu ulicho nacho ndani, kimekaa, ni chako. Mwenye fadhila ya ukweli hahitaji kupigana vita kila anapoulizwa swali. Ukweli unatoka wenyewe, tena kwa furaha.

Je, tendo moja zuri linatosha kuleta fadhila? Tomaso anasema hapana (I-II, 51, 3), na anatoa mfano wa moto. Moto hauwezi kuiteketeza kuni papo hapo. Kwanza unaondoa polepole yale yanayoupinga ndani ya kuni. Sisi tuliokulia kwenye majiko ya kuni tunaelewa vizuri. Kuni mbichi ukiiweka jikoni, kwanza inatoa moshi, inalia, inatoa maji, machozi yanakutoka. Mtu asiyejua atasema kuni hii haifai. Mama anajua: endelea kupuliza, itashika.

Ndugu yangu, wengi wetu tunaacha kusali wakati wa moshi. Tunadhani ule ugumu wa siku za mwanzo ni ishara kwamba hatukuumbwa kwa ajili ya sala. Kumbe ni unyevu unatoka.

2. Yesu mwenyewe alikuwa na mazoea

Hili huwa linawashangaza wengi. Fungua Luka 4:16. Yesu anaingia katika sinagogi la Nazareti siku ya sabato, na mwinjili anatuambia kwamba hiyo ilikuwa desturi yake. Nenda Luka 22:39, usiku ule wa mateso. Yesu anakwenda kusali kwenye Mlima wa Mizeituni, na Luka anasema tena: ilikuwa desturi yake. Yuda alijua mahali pa kumpata kwa sababu Yesu alikuwa na mahali pake pa sala (Yoh 18:2).

Tafakari hapo kidogo. Usiku mgumu kuliko yote, Mwana wa Mungu hakubuni njia mpya ya kusali. Alikwenda mahali palepale alipozoea. Zoea lililojengwa siku za amani ndilo lililomshika siku ya hofu.

Tazama pia Danieli. Mfalme alipotiwa saini ile amri ya kukataza sala, Danieli alipanda chumbani kwake na kupiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu zamani (Dan 6:10). Ujasiri wake mbele ya simba haukuanza siku ya simba.

Na Yesu anapotualika kumfuata, anaweka neno moja ambalo tunalipita haraka: kila mtu ajitwike msalaba wake *kila siku* (Lk 9:23). Siyo siku ya mafungo tu. Siyo Ijumaa Kuu tu. Kila siku.

3. Vijana wa Buganda: miaka karibu mitatu bila padre

Tunawaheshimu sana Mashahidi wa Uganda, na kila tarehe 3 Juni tunasimulia moto wa Namugongo wa mwaka 1886. Lakini tunasahau kusimulia kilichotangulia.

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi Novemba 1882 walilazimika kuondoka wakahamia kusini mwa ziwa, wakarudi Julai 1885. Kwa hiyo kwa muda wa miaka karibu mitatu, Wakristo wale wachanga walibaki bila padre. Hakuna Misa, hakuna kitubio. Wengi wao walikuwa vijana waliokuwa wakihudumu katika jumba la mfalme.

Walifanyaje? Walifanya mambo madogo. Walikutana kusali. Waliojua sala na mafundisho waliwafundisha wasiojua. Watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe pale ikulu na Mathias Kalemba kule Mityana waliwakusanya wenzao na kuwafundisha katekisimu. Mapadre waliporudi hawakukuta majivu. Walikuta idadi ya waamini na wakatekumeni imeongezeka.

Kisha mateso yakaja. Mukasa aliuawa Novemba 1885. Usiku wa kuamkia siku ya hukumu, mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni aliokuwa nao, akiwemo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Sasa jiulize: mtoto wa miaka 14 anapata wapi nguvu ya kukataa matakwa ya mfalme? Ni neema ya Mungu, ndiyo. Lakini neema hiyo ilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Sala za jioni za miaka ile, mafundisho ya siri, hapana ndogo ndogo walizomwambia mfalme kabla ya hapana kubwa. Hayo yote yalikuwa jembe.

Wewe na mimi huenda hatutapelekwa Namugongo. Lakini kila kijana anayo siku yake ya majaribu makubwa: siku ya kupewa rushwa ya kwanza kazini, siku ya kusukumwa kutoa mimba au kumlipia mtu aitoe, siku ya msiba unaotikisa imani. Siku hiyo hutakuwa na muda wa kujenga. Utatumia kile ulichokwisha kujenga.

4. Chovya chovya humaliza buyu la asali

Sheria hii inafanya kazi pande zote mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1865) inafundisha kwamba dhambi inaelekeza kwenye dhambi. Matendo yaleyale yakirudiwa yanazaa kilema. Hakuna anayeamka siku moja akiwa mtumwa. Anachovya tu kidole.

Chukua mfano wa kubeti. Kijana anaweka mkeka wa shilingi 1,000 kwa siku. "Ni buku tu, Frateri." Sawa, tupige hesabu: kwa mwaka ni shilingi 365,000. Lakini hasara kubwa haiko kwenye pesa. Kwa siku 365 ameufundisha moyo wake somo moja: kwamba baraka inakuja bila jasho, na kwamba kesho itanikomboa bila mimi kubadilika leo. Moyo uliofundishwa hivyo kila siku utashindwaje kuwa mvivu katika sala, masomo na kazi?

Chukua mfano wa simu kitandani. Unaingia saa nne usiku "kuangalia status tu". Saa saba bado unaperuzi, bando linaisha, na macho yamekwishaona mambo ambayo mchana usingethubutu kuyafungua. Hukuamua kutenda dhambi ya usafi wa moyo. Uliamua kulala na simu. Vita uliipoteza saa nne, si saa saba.

Sasa turudi kwenye swali letu: mbona nimeungama na bado navutwa? Mtakatifu Tomaso ana jibu zuri sana (I-II, 65, 3). Anasema mtu anayetubu anapokea neema pamoja na fadhila zinazomiminwa na Mungu, lakini anaweza bado kuona ugumu katika kuzitenda, kwa sababu ya mielekeo iliyobaki kutokana na matendo yake ya zamani. Yaani dhambi imesamehewa kweli, asilimia mia, lakini njia uliyoikanyaga kila siku bado ipo porini. Miguu inaijua. Katekisimu nayo (namba 1459) inasema mdhambi aliyeinuliwa anahitaji bado kuirudia afya yake kamili ya kiroho.

Kwa hiyo ukivutwa tena baada ya kitubio, usiseme sakramenti imeshindwa. Sakramenti imekurudishia uhai. Sasa unahitaji kukanyaga njia nyingine, kila siku, mpaka ile ya zamani iote majani.

5. Je, hii si kujiokoa wenyewe?

Swali zuri, na tuwe waangalifu hapa. Siku hizi kuna mafundisho mengi mtandaoni ya "jijenge, jitume, amka saa kumi alfajiri, utafanikiwa". Mengine yana faida. Lakini sisi Wakristo hatuamini kwamba mtu anajitakatifuza kwa nidhamu yake. Katika karne ya 5 Pelagio alifundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema ya wokovu kwa nguvu za utashi wake, na Kanisa, Mtakatifu Augustino akiwa mstari wa mbele, lilikataa fundisho hilo. Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ulilihukumu.

Mtume Paulo ameyaweka mawili pamoja katika Wafilipi 2:12-13: tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye anayetenda kazi ndani yetu. Mkulima wa Mbinga hawezi kuiamuru mvua inyeshe. Lakini asipolima, mvua ikija itaotesha magugu. Zoea dogo la kila siku ni jembe. Mvua ni ya Mungu.

Tofauti hii ina matokeo ya kweli. Anayejitegemea mwenyewe, akifaulu anajivuna, akianguka anakata tamaa. Anayetegemea neema, akifaulu anashukuru, akianguka anaomba msaada na kuendelea.

6. Njia ya kuanza

(a) Chagua jambo moja tu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, ana kitu kinachoitwa uchunguzi maalumu. Unachagua kasoro moja unayotaka kuiondoa. Asubuhi unaazimia kuhusu hiyo moja. Mchana na jioni unajichunguza, unaweka alama kwenye daftari kila ulipoanguka, kisha unalinganisha siku na siku, wiki na wiki. Kasoro moja! Si kumi. Sisi tunatoka kwenye mafungo na maazimio ukurasa mzima, ndiyo maana hakuna linalofika Jumatano.

(b) Lifanye liwe dogo. Usianze na rozari nzima kama huna mazoea; anza na fumbo moja. Usianze na "nitasoma Biblia yote". Injili nne zina jumla ya sura 89. Sura moja kwa siku, na ndani ya miezi mitatu umezisoma zote nne. Dakika 10 za sala kwa siku ni zaidi ya saa 60 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

(c) Lifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Kanisa lilijua siri hii zamani. Kengele ya Malaika wa Bwana inapigwa saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, ili sala ishikane na kuamka, chakula na mwisho wa kazi. Fanya hivyo: ishara ya msalaba kabla ya kugusa simu asubuhi, fumbo moja la rozari ukiwa kwenye daladala, simu inachajiwa mbali na kitanda, ikiwezekana sebuleni. Kama unaitegemea kwa alamu, iweke upande wa pili wa chumba.

(d) Lifanye kwa upendo, si kwa kumaliza. Tomaso anaonya jambo ambalo wengi hatulifikirii: si kila tendo linakuza tabia (I-II, 52, 3). Tendo linalofanywa kwa ulegevu kuliko nguvu uliyo nayo linaweza kuwa mwanzo wa kurudi nyuma. Salamu Maria tatu ukiwa umetulia zina faida kuliko hamsini ukiwa unachati. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu aliingia Karmeli mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Hakutoka nje ya monasteri kwenda kuhubiri. Alimtabasamia dada ambaye kwa asili hakumpenda. Alivumilia kurushiwa maji machafu kwenye kufua. Alistahimili kelele ya mwenzake kanisani wakati wa sala. Leo ni msimamizi wa misioni na Mwalimu wa Kanisa. Mambo yalikuwa madogo, upendo haukuwa mdogo.

(e) Vumilia muda. Umesikia kwamba tabia inajengwa kwa siku 21? Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 wakijenga zoea jipya. Wastani wa muda uliohitajika ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi 254. Na waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima. Kwa hiyo usijipime na rafiki yako.

(f) Ukianguka, inuka siku hiyohiyo. Kitabu cha Mithali (24:16) kinasema mwenye haki anaanguka mara saba na kuinuka tena. Shetani anapenda sana kauli ya "wiki hii nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Usimpe siku ambazo si zake. Weka pia tarehe maalumu ya kuungama, mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, usisubiri mpaka ujisikie.

(g) Usipigane peke yako. Kama jambo limekwishakuwa uraibu, iwe ni pombe, kubeti au picha chafu, mazoea madogo peke yake yanaweza yasitoshe. Mweleze padre, mlezi, au mtu mzima unayemwamini, na ukihitaji daktari au mshauri, nenda. Hiyo si imani haba. Ni unyenyekevu. Mashahidi wa Uganda hawakudumu mmoja mmoja; walidumu kama jumuiya.

7. Zoezi la wiki

Chukua daftari, usitumie simu. Andika zoea moja la kuanza na moja la kuacha, kila moja kwa sentensi moja. Kisha kila jioni kabla ya kulala, tumia dakika tano kwa hatua tano za Mtakatifu Ignasi: mshukuru Mungu kwa mema ya siku, omba neema ya kuona ukweli, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, azimia kuhusu kesho. Weka alama. Lala.

Maswali ya kutafakari, yanafaa pia kwenye jumuiya au kikundi cha vijana:

- Ni jambo gani dogo ninalolifanya kila siku ambalo, likiendelea miaka kumi, litanifanya mtu nisiyetaka kuwa?
- Dakika kumi za kwanza za siku yangu ni za nani?
- Tangu kitubio changu cha mwisho, nimebadilisha nini katika mazingira yangu: simu, marafiki, saa za kulala?
- Nani anajua ninachopigana nacho?

Samaki mkunje angali mbichi. Wewe bado ni mbichi, hata kama una miaka 28 na unajiona umechelewa. Usisubiri mafungo yajayo, wala mwaka mpya. Leo jioni zipo dakika tano.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyeishi Nazareti miaka mingi ya siku za kawaida, utufundishe kukupenda katika mambo madogo. Tunapochoka, utuinue. Tunapofaulu, utulinde na majivuno. Roho wako auwashe moto katika kuni hizi mbichi, asichoke kupuliza mpaka ziwake. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee.

Mniombee nami niliye katika malezi, ili nisiwe mtu wa kufundisha tu. Tukutane katika somo lijalo, Mungu akipenda.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri